Bango la Vyumba Vinne

Msimamizi alilibandua bango ukutani kwa nguvu, akalibwaga mezani mbele ya mkaguzi.

"Hili hapa! Lilikuwa linamkodolea macho wiki nzima kabla hajajikata. Mtu akiamua kuwa mpumbavu, kiwanda kifanye nini?"

Aliyeitwa mpumbavu alikaa kitini, mkono wa kulia mapajani. Miezi mitatu iliyopita msumeno wa mbao ulikula kidole chake cha shahada, hakikubaki hata kisiki. Kidonda kilipofunga alirudi kazini, akapewa ufagio. Leo walitaka kumnyang'anya hata huo ufagio. Mkaguzi akikubali kwamba alipuuza onyo, anafukuzwa.

"Halikuwepo," alisema. "Siku ile ukuta ulikuwa mtupu."

"Mwongo! Waulizwe wenzake!"

Wenzake walishaulizwa. Kila mmoja alisema hakumbuki, akakimbilia mashine yake.

Nyuma ya kiti alisimama mdogo wake wa kike, aliyekuja kumjazia fomu kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa bado haujazoea kalamu. Alikuwa akiliangalia bango.

Lilikuwa na vyumba vinne vya vibonzo, vimepangwa kushuka. Cha kwanza, kiganja cha kulia kimenyooshwa wazi: simama. Cha pili, mkono wa kushoto unazima swichi, kucha zote tano zinang'aa. Cha tatu, msumeno umetulia, ile mistari ya kuonyesha unazunguka haipo tena. Cha nne, mfanyakazi anatoa ubao, meno yote nje.

"Nani kachora?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi, mama." Mchoraji alijitokeza kutoka dirishani, kifua mbele. "Wala si kwa kubahatisha. Nilijibanza kona ya karakana siku nzima, nikawachora watu wakiwa hawana habari. Mimi sichori mkono wa kutunga kichwani, nachora mkono niliouona. Na jicho nalivuta kwa makusudi: ule wa kwanza nimeufanya mkubwa kama mkono wa mtu wa kweli. Huwezi kupita bila kuuona."

"Ilikuwa lini?"

"Kabla ya ajali," alijibu, akimtazama msimamizi. "Kama bosi alivyosema."

Yule dada akainama juu ya meza.

"Na wewe unatafuta nini hapo?" msimamizi alifoka. "Hamna cha kusoma. Tuliweka picha kwa ajili ya watu kama nyinyi, mlioishia shule ya msingi."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo maana naangalia picha."

"Ehe! Basi tufundishe, mwalimu! Mwonyeshe mama hapa kitu gani kilimshinda kaka yako kuelewa."

Mchoraji akacheka. Kaka mtu akamvuta dada yake upindo wa nguo.

"Achana nao. Watakutukana bure. Twende zetu nyumbani."

"Subiri kidogo, kaka."

"Tusubiri nini?" Msimamizi alimsogezea mkaguzi fomu ya kufukuza kazi. "Mama, tia sahihi tumalize. Hawa ukiwapa nafasi watalala hapa."

Mkaguzi alishafungua kalamu. Alimtazama msichana juu ya miwani. "Haya, binti. Kama una la kusema, sema sasa."

Msichana aliweka kidole kwenye chumba cha kwanza, juu ya kile kiganja kikubwa.

"Gumba," alisema taratibu, akigusa kimoja kimoja. "Cha kati. Cha pete. Cha mwisho."

Kisha akauchukua mkono wa kulia wa kaka yake kutoka mapajani, akaulaza chali juu ya ule wa kwenye karatasi. Ukaenea barabara, pengo kwa pengo.