Farasi wa Sebuleni

Sebuleni, pale palipokuwa na televisheni, Kheri aliweka tangi la kioo akalijaza maji ya chumvi. Farasi wa baharini wangetiwa wiki zijazo, maji yakishatulia. Lakini alikuwa ameshajisifu, na mkwewe, Mzee Shomvi, alikuja kuwatazama akiwa na kanzu iliyopigwa pasi.

Kheri aliona haya kusema kweli. Akanyoosha kidole kwenye ua la plastiki ndani ya maji. "Yule pale, baba. Kalishika ua kwa mkia."

Mzee akavaa miwani, akainama, akatazama sana. "Mashallah. Kanona."

Tatu, mke wa Kheri, akaingia na chai. "Baba, humo mna maji matupu."

"Punguza sauti, mwanangu," mzee akanong'ona bila kugeuka. "Ameanza kusogea."

Kheri akainama haraka kutazama.