Udi wa Mama Edris

"Si mkono huo, Mama," Shamira alisema, akijaribu kujichomoa.

Fazila hakusikia. Alikuwa amemkamata binti yake mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, akimkokota katikati ya malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Wanaume walikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mama mkwe alikuwa amelala. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, na muuguzi wake, Sista Amoding, alishatangaza kwamba dozi zilizobaki ni za leo tu; zikiisha, hajui nyingine zitaletwa lini.

Shamira alikuwa na miaka kumi na miwili. Chanjo yenyewe ni ya wasichana wa rika lake, kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, na Fazila hakuhitaji mtu wa kumweleza ubaya wa ugonjwa huo. Dada yake Aidah, aliyeolewa Malaba, alitokwa na damu mwaka mzima akiona haya kusema. Alipofikishwa hospitali, madaktari walisema amechelewa. Siku zake za mwisho chumba kilifukizwa udi asubuhi hadi jioni, kwa maana bila udi harufu ya ugonjwa iliwafukuza wageni. Mpaka leo Fazila akinusa udi, hutoka nje.

Na Mama Edris, mama mkwe wake, alilijua hilo fika. Hata hivyo, tangu Ramadhani iishe, bibi huyo alikuwa anajifungia chumbani na kuchoma udi kutwa, moshi ukipenya chini ya mlango mpaka jikoni. Fazila alimlalamikia mumewe kwenye simu kwamba mama yake anamkomesha makusudi. Edris, dereva wa lori, alikuwa Kampala akisubiri mzigo. Alimwambia avumilie, mzazi ni mzazi.

Haya, udi angeuvumilia. Lakini mtoto je?

Kwenye arusi ya jirani, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, Mama Edris alisimama akasema sindano hiyo inafunga kizazi, na mjukuu wake hataguswa maadamu yeye yu hai. Na Mama Edris akisema, amesema. Hata Edris mwenyewe hakuwahi kumbishia. Jumanne wauguzi walipofika shuleni, bibi alimzuia Shamira asitoke, akadai wanaenda wawili Malaba kutafuta kitambaa cha dera. Walirudi jioni mikono mitupu. Hakuna aliyeonyeshwa kitambaa. Bibi alikataa chakula, akajifungia, na moshi ukaanza tena. Fazila alilia jikoni, leso mdomoni asisikike.

Sasa ilikuwa kufa kupona. Akirudishwa kwao Funyula, na arudishwe. Heri aachike na mwanawe awe mzima kuliko akae kwenye ndoa akingoja kumuuguza Aidah wa pili.

"Mama, Nyanya alisema..." Shamira alianza.

"Nyanya yako amesema mengi. Leo nyamaza."

Walimkuta Sista Amoding anafunga kasha la barafu. Fazila alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, pumzi zimemwishia, akamsihi kwa jina la Mungu asifunge. Alimweleza yote bila kupumzika: dada aliyezikwa, mume aliye safarini, mama mkwe asiyesikia la mtu. Alisema hata kama imebaki dozi ya mtu mwingine, ampe huyu, yeye atapiga magoti hapohapo sakafuni.

Sista alimtazama msichana. Kisha akavuta daftari, akapitisha kidole polepole kwenye majina.

"Mama, huyu nilimchanja Jumanne."

Fazila alisema haiwezekani, huenda ni jina tu limefanana. Sista akaligeuza daftari alione mwenyewe. Shamira Edris, miaka kumi na miwili, mkono wa kushoto. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Aliletwa na mama mzee," Sista alisema. "Kadi aliomba ibaki hapa. Hakutaka ionekane nyumbani."

Fazila alikaa kwenye benchi, akacheka huku machozi yanamtoka. Jamani, Mama Edris! Maneno yote yale arusini, kumbe alishindwa tu kuyafuta mbele ya watu. Na yeye miezi yote amemwita mchawi moyoni mwake. Alitaka kukimbia nyumbani saa hiyo hiyo, amwamshe, ambusu mikono yote miwili, na udi wachome pamoja akitaka.

Sista Amoding hakucheka. Alifunga daftari na kuangalia dirishani.

"Na wewe," Fazila alimgeukia binti yake, akijifuta uso, "siku tatu zote umeshindwa kuniambia?"

Shamira alikuwa anatazama ndara zake.

"Nyanya aliniapisha. Nilipomaliza kuchanjwa, aliingia kule ndani na Sista peke yao, wakakaa sana." Alijishika mkono wa kushoto, palepale mama yake alipokuwa amemkamata. "Alipotoka alinishika hapa. Akaniambia mimi nimewahi, yeye amechelewa."