Tangazo Lisilofungika

Kosa lilikuwa la seremala mwenyewe, hakuwa na wa kumsingizia: alimpa mama mkwe simu yake.

Mama alitaka kuona mitindo ya kufuma vitambaa vya makochi. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la karakana, mama na miwani yake, seremala na dole gumba lililogandwa na gundi ya mbao. Ghafla tangazo lenye picha ya wazee likafunika vitambaa vyote kwenye kioo cha simu.

"Hata hodi halipigi," mama akacheka. "Na hawa wazee wanachekelea nini, mwanangu?"

"Upuuzi tu, mama. Nalifunga."

Akabonyeza kialama cha kufungia, kidogo kama kichwa cha msumari. Kwa ile gundi, simu haikusikia. Akakandamiza, na tangazo likafunguka: fomu ya makao ya wazee, aliyoianza seremala juzi akaiacha njiani. Jina la mama lilishajazwa. Kwenye sababu alikuwa ameandika, "Anatujazia nyumba."

Mama akasogeza miwani. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

Seremala alikuwa akibandua gundi kwa ukucha, mpaka na ngozi.

"Mama, naomba hiyo simu."

Mama akashukia mstari wa pili.

"Mama, nakuomba."