Kindi Ageuka Ndugu

Zamani wanyama walipokuwa wakiajiriana, Kindi alikuwa msaidizi wa ndani kwa Mama Ngiri. Kila alipoomba mkataba na siku ya mapumziko, Mama Ngiri alimjibu kwa sauti tamu, "Mkataba wa nini, mwanangu? Wewe ni ndugu yetu!"

Kindi akaliamini neno hilo. Jumapili asubuhi alikutwa amejinyoosha kwenye kochi katikati ya watoto wa Ngiri, miguu juu.

"Kindi! Chai iko wapi?"

"Hata sisi tunaisubiri, mama. Leo ni zamu ya ndugu gani?"

Watoto wakaangua kicheko. Mama Ngiri akatazama vyombo vichafu, akatazama jiko lililopoa, akakimbilia kalamu. Akaandika mkataba: Jumapili, Kindi apumzike.

Kindi akausoma, akashukuru, akautia kwapani, akatoka zake kutembea. Si ilikuwa Jumapili?