Kitabu cha Hekaya cha Yevlampia Savvishna

Mgeni alikuwa uani anakung'uta zulia kwenye theluji, pu! pu! pu!, jasho linamtoka. Kapitolina Frolovna akamtazama kutoka dirisha la jikoni, akajua papo hapo: huyu mwizi.

Mwanamume gani mwenye akili zake atatoka Moscow hadi Petersburg kumkung'utia zulia ajuza asiye hata ndugu yake? Wiki iliyopita alimzibia nyufa za madirisha kwa karatasi, baridi isiingie. Kabla ya hapo alileta keki.

"Shoga, huyu anataka kitabu chako," alimnong'oneza mwenye zulia. Kapitolina alihamia nyumba ile majuzi tu, wakati wa vuli. Vyumba mbalimbali, jiko moja.

"Veniamin Lukich?" Yevlampia Savvishna alikuwa anamimina chai. "Mstaarabu yule. Hata viatu anavua mlangoni bila kuambiwa."

"Hata mbweha anatembea peku!"

Kitabu chenyewe kilikaa kwenye kabati la kioo: hekaya za wanyama, toleo la mwanzo kabisa, lililochapwa zama za Tsar Aleksanda. Vilivyobaki vya namna ile, nchi nzima, havijazi kapu; mgeni alisoma habari zake kwenye tangazo la gazeti. Yevlampia, mjane asiye na mtoto, hakuwa na kitu kingine cha thamani duniani.

Mgeni akarudi na zulia, akanywa chai, akalamba jamu, akasikiliza kisa cha marehemu mume wa Yevlampia tangu posa hadi mazishi, bila kupiga mwayo. Kapitolina akazidi kushuku. Yeye mwenyewe, kila alipohadithiwa kisa kile, hakuwahi kuvuka harusi.

Mwishowe mgeni akasema treni yake imekaribia.

"Basi tukae kidogo," alisema Yevlampia.

Wakakaa wote watatu, kimya, kama inavyopasa kabla ya safari. Mgeni akachagua kiti cha karibu na kabati. Yevlampia akafumba macho. Kapitolina akafumba jicho moja.

Kwa jicho lililobaki akaona mkono wa mgeni ukifungua kioo taratibu, ukitoa kitabu, ukipachika kingine kilichofanana nacho kama pacha. Kile cha kwanza kikazama mkobani.

Kapitolina akafungua kinywa. Akakifunga. Kuvunja kimya kile ni kumtupia msafiri balaa njiani, na treni ile ingebeba watu wengine pia, na watoto wao. Akang'ata ulimi mpaka machozi yakamlenga.

"Haya, Mungu akutangulie," alisema Yevlampia, akainuka.

Sauti ilipomrudia Kapitolina, mgeni alikuwa keshashuka ngazi mbili mbili.

"Mwizi! Kakubadilishia! Nimemwona kwa jicho langu! Shoga, umesimama nini? Piga simu polisi!"

Yevlampia hakwenda kwenye simu. Alitoa kitabu kilichoachwa, akakinusa, akapapasa jalada lake kwa kidole gumba.

"Ngozi halisi," alisema. "Kile alichoniachia yule mgeni wa kabla yake, aliyetoka Kazan, kilikuwa kimeanza kubanduka." Akakirudisha kabatini, akafunga kioo. "Hebu njoo tuandike tangazo jipya la gazeti, Kapa. Safari hii tupate anayejua mabomba."