Kelele za Stoo

"Mvamizi akikukamata piga kelele, wenzako watakuja," mkufunzi wa kujihami aliwaambia walimu.

Mwalimu mkuu, eti, akajitolea kuwa mvamizi. Akavua koti, akamshika mwalimu wa sayansi kifundo cha mkono kwa vidole vilevile vinene vya siku ile ya stoo ya vitabu.

Mwanamke akamkazia macho tu.

"Mbona hupigi kelele, mwalimu?" mkufunzi akauliza.

"Nilishapiga muhula uliopita, kule stoo. Hawa wote walikuwa hapahapa wanakunywa chai, masikio wameyatia pamba."

Walimu wakaanza kukagua viatu vyao. Vile vidole vikalegea. Mwanamke akavidaka, akavibana.

"Unakwenda wapi, mkuu? Somo ndio kwanza linaanza. Mkufunzi, goti ulisema nilipeleke wapi?"