Mamlaka ya Pantoni

Ndege ya Rais ilikuwa imeshaiacha ardhi. Waziri Mkuu Nsolo aliitazama ikiyeyuka mawinguni, huku Bi Nyamizi kamng'ang'ania mkono wa koti.

“Mwanangu ananyongwa kesho, baba. Saini wewe.”

“Msamaha ni wa Rais peke yake, mama. Mimi nimeachiwa barabara na pantoni.”

“Haa! Ukubwa gani huo? Na pantoni yenyewe ndiyo itakayomvusha mnyongaji!”

Nsolo akaagiza pantoni isimame, ikaguliwe msumari kwa msumari.

Rais alirudi baada ya mwezi, akasamehe. Nsolo alifukuzwa kazi, akafuga nyuki. Kijana wa Bi Nyamizi alioa. Mnyongaji alibaki ng'ambo, akawa fundi viatu. Jioni huketi gatini, akiyatazama maji.